Chenji ya Unga

Saa tisa usiku nilimkuta nyuma ya godauni,
amejikunja kati ya magunia mawili ya mahindi
kama barua ambayo mwenyewe hataki isomwe.
Baridi ya Nakuru haina adabu,
inakufuata hadi kwapani ulikoficha mikono.

Sikumwamsha kwa rungu. Nilikohoa.
Akaruka, akakumbatia viatu vyake,
viatu vya shule, kimoja hakina kamba,
akasema, "Sijaiba kitu, mzee."
Sijamuuliza hata jina, tayari amejitetea.
Nikajua salamu za kwao huanzia wapi.

Nikammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.
Kibowen. Miaka kumi na mmoja. Kwao Elburgon,
juu kule, kupita mashine za mbao.
Alikuja na lori la viazi, chini ya turubai.

Na kosa? Mia mbili.
Alitumwa unga, akaleta unga,
chenji akaiweka juu ya redio.
Jioni chenji haipo.
"Niliiweka pale, baba."
"Kwa hivyo redio imeila?"
Nyumba nzima ikacheka, hata kadada kake
ambako bado hakajui kuhesabu.
Kisha mshipi. Kisha lile neno:
"Usilale humu mpaka ipatikane."

"Basi nikaja kuitafuta," akaniambia.
Alipanga kubeba mizigo sokoni,
apate mia mbili, arudi, alale.
Mwaniambia huyu ametoroka?
Huyu ametumwa.

Mia mbili nilikuwa nayo, ndani ya soksi.
Mkono ulishuka, ukarudi.
Ningempa, ningemnunulia kosa
ambalo halikuwa lake.

Mimi pia niliondoka kwetu Lugari
kwa ajili ya ndama aliyekula shamba la jirani.
Nilisema nitarudi baba akitulia.
Alitulia. Wakanipigia simu nije nishike jembe,
na udongo wenyewe ulikuwa mwekundu, umelowa,
ukang'ang'ania viatu vyangu kama mtu mwenye neno.

Najua, mchelea mwana kulia hulia yeye.
Baba yangu aliisema hiyo akichagua fimbo.
Lakini methali haikusema tumlize kwanza
halafu ndipo tutafute ukweli mifukoni.

Namba ya baba yake aliijua kwa kichwa.
Saa tisa na nusu, na simu haikuita mara mbili.
"Nani? Mmempata? Ni mzima?"
Nikasema ni mzima.
Akanyamaza, nikasikia jiko, mlango, mwanamke analia.
"Soja, ile mia mbili ilikuwa kwa koti langu.
Niliichukua mwenyewe nikienda kukamua, nikasahau."
"Usiniambie mimi," nikamjibu.
"Kazi yangu ni lango tu."

Simu yangu ni mbovu, kila neno linasikika nje.
Mtoto akaishika kwa mikono miwili.
Kimya. Jogoo wa Elburgon akawika ndani ya simu
kabla jogoo wa kwetu hajaamka.
"Kibowen. Umekula?"

Akanitazama kama aliyeulizwa hesabu
ambayo bado hawajafundishwa.

Swali zuri. Lakini halikutosha.
Niliinama, nikasema karibu na simu,
"Mwambie na lile lingine, mzee. Lile la koti."
Na akalisema. Vibaya, kwa kukwama,
kama mtu anayebeba kabati peke yake
na hajui ashike wapi.
Akamaliza: "Kitanda chako hakijaguswa.
Nakuja na gari la kwanza."

Mtoto hakulia. Alinirudishia simu,
akauliza kama ninayo kamba.
Nikakata uzi wa gunia, nikaulamba ncha,
akaupitisha tundu kwa tundu, polepole,
taa ya lango ikitumulika sote wawili,
akafunga, akajaribu hatua moja,
akafungua, akafunga tena.